Maneno Saba

Tuliitwa Saruji. Jina alilitoa Owori,
aliyekuwa akirudi zamu ya usiku kiwandani
na nyusi nyeupe kama za babu, miaka kumi na minane.
Yeye ndiye aliyekuwa na ngoma.
Akikohoa, tunapata mdundo.

Mwaka ule wa themanini na tatu, Tororo,
umeme ulikuwa mgeni wa heshima:
haji akiitwa, akija hakai, akiondoka haagi.
Kwa hiyo nyimbo zetu zilikuwa fupi.
Baadaye mtu wa Kampala alitueleza
kwamba huo ni mtindo, una jina lake Ulaya,
na vijana wa huko hujitoboa mashavu kwa pini.
Pini zetu sisi zilishikilia suruali.

Gita la Emojong lilikuwa na nyuzi tatu za kweli
na mbili za breki ya baiskeli.
Besi ilikuwa yangu. Sikujua kuipiga,
ila nilimjua fundi aliyekuwa akiiuza.
Kinanda kilivuka Malaba chini ya magunia ya chumvi,
kidogo kama sanduku la viatu,
kina sauti ishirini, kumi na tisa zote nyuki.
Nyafwono akachagua nyuki mmoja
akakaa naye miaka sita.

Ndiye aliyeimba pia, na aliimba Kiswahili.
Mama yake akamwuliza: Lugha ya kizuizini, mwanangu?
Ya watu wa kulaza wenzao barabarani?
Hiyohiyo. Ndiyo tuliyoitaka.
Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa na maneno saba,
yote tumeyaokota njia ya Nagongera:
Simama. Shuka. Kitambulisho. Lala chini. Toa pesa.
Aliyaimba kama mtu anayesoma bei ya nyanya.

Klabu ya Reli, Jumamosi ya kwanza ya Novemba,
watu thelathini, kreti mbili za soda,
jenereta ya Haji Fademula, petroli ya mkopo.
Akaingia askari, bunduki begani, akasimama nyuma.
Tulipofika "lala chini" alicheka, peke yake,
akacheka mpaka akakaa. Akataka turudie.
Tulirudia mara nne. Mara ya tano hakucheka.
Jenereta ikazima.
Tulibeba vitu gizani, na hakuna aliyeuliza habari ya malipo.

Kisha Mbale, Busia, Soroti mara moja
(Soroti walidhani tumekuja kutengeneza spika).
Kampala, redioni, bwana mwenye tai ya kijani
alisikiliza nusu wimbo, akauliza saksafoni iko wapi,
akatuweka kwenye utepe. Wiki iliyofuata
juu ya utepe huohuo walirekodi matangazo ya vifo.
Emojong alisema: afadhali, tumezikwa na watu wengi.

Mwisho? Hakukuwa na mwisho. Kulikuwa na mambo.
Owori alianza kukonda, na mwaka themanini na nane
kukonda kulikuwa na jina, na jina halikutajwa nyumbani.
Alipiga ngoma akiegemea ukuta,
halafu vijiko juu ya beseni, kitandani,
halafu kidole kimoja juu ya mkono wangu.
Bado alikuwa akiwahi mbele ya mdundo, kama kawaida yake.
Emojong alivuka mpaka kutafuta nyuzi. Hajarudi.
Nyafwono ni muuguzi Mbale, wodi ya watoto.
Nikimpigia husema yuko kazini, kisha anaongea saa nzima
habari za maji, za mishahara, za mkwe wake,
za kila kitu isipokuwa nyuki.

Mimi nauza betri na soketi karibu na stendi.
Deni la petroli nililimaliza mwaka jana
kwa mjukuu wa Haji. Hakujua pesa ni za nini.
Alizihesabu mara mbili, akapokea.

Umeme siku hizi unakaa. Jana mchana,
mteja hakuna, nilichomeka ile besi,
nikaanza wimbo wa maneno saba.
Nikafika pale ambapo siku zote taa ilizimika,
taa haikuzimika.
Nikabaki nazunguka kwenye noti ileile,
mpaka mtu akaja kuuliza bei ya balbu.